Kumjengea Chui Makazi Yanayomfaa Katika Planet Zoo, kwa Kufuata Majabali ya Dodoma

Wachezaji wengi wa Planet Zoo, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuendesha bustani ya wanyama, humjengea chui kama wanavyomjengea simba: uwanja mpana, majani mafupi, bwawa katikati, mgunga mmoja, na wageni wamezunguka pande zote nne. Simba anaweza kuishi humo bila shida kubwa. Chui atajibanza kwenye kona, kipimo cha msongo kitaanza kupanda, na wageni watapita wakilalamika kwamba hawajaona mnyama. Hapo mchezaji hukata vichaka ili chui aonekane, na mambo yanazidi kuharibika.

Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine. Mpe chui maficho kwanza, tena maficho ya kutosha, halafu mwekee sehemu chache nzuri za kujilaza zinazotazamana na wageni. Akiwa na pa kukimbilia, atatoka mwenyewe. Na sisi wa Dodoma na kanda ya kati hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Majabali tunayoyaona kila siku, makorongo ya Kondoa, vichaka vya Itigi, vyote ni mazingira ambayo chui huyatumia. Ukivitazama vizuri kabla ya kuwasha kompyuta, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Planet Zoo ilitolewa na kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza mwezi Novemba 2019, na ndiyo ninayoitumia hapa. Ukiwa na Zoo Tycoon au mchezo mwingine wa aina hiyo, vitufe vitatofautiana lakini chui ni yuleyule.

Kabla ya kuanza: aina ya mchezo na umeme

Kuna namna nne za kucheza. Ile ya Franchise inataka intaneti muda wote, na kwa anayeishi kwa bando inaumiza. Chagua Challenge ukitaka kubana bajeti kama meneja halisi, au Sandbox ukitaka kujenga bila kuwaza pesa. Zote mbili zinachezeka bila mtandao. Kwa kujifunza ujenzi, Sandbox inatosha kabisa.

Mchezo huu ni mzito. Ukiwa na kompyuta ya kawaida, jenga bustani ndogo yenye wanyama wachache na wageni wachache, na simamisha muda unapojenga, maana ujenzi unaruhusiwa hata saa ya mchezo ikiwa imesimama. Hifadhi kila unapomaliza sehemu moja. Anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, anajua uchungu wa umeme kukatika jabali la mwisho likiwa mkononi.

Hatua ya 1: Mjue chui wako ni yupi

Chui wa Ruaha na chui wa Amur ni spishi moja, *Panthera pardus*, lakini mmoja anaishi kwenye joto la savana na mwingine kwenye misitu ya Mashariki ya Mbali ya Urusi na kaskazini mashariki mwa China, ambako theluji hufunika ardhi majira ya baridi. Chui wa Amur aliingia Planet Zoo kupitia nyongeza ya Conservation Pack ya mwaka 2022. Chui wa theluji ni spishi nyingine kabisa, naye anataka milima ya baridi. Na tafadhali usimchanganye chui na duma: duma ana madoa meusi yaliyojaa na mistari miwili ya machozi usoni, chui ana mabaka ya duara yenye uwazi katikati, mwili mzito na miguu mifupi zaidi. Duma ni mkimbiaji wa tambarare. Makazi mazuri ya duma ni mabaya kwa chui.

Fungua Zoopedia, kamusi ya wanyama iliyo ndani ya mchezo, tafuta mnyama wako, na andika kwenye karatasi mambo haya: eneo dogo kabisa linalokubalika, daraja na kimo cha uzio, kama anakwea, kiwango cha joto, bara na aina ya mazingira ya mimea yake, na idadi ya wanyama wanaoweza kukaa pamoja. Karatasi hiyo iwe pembeni muda wote. Mimi huwa naongeza eneo mara mbili au zaidi ya lile dogo linalotajwa, kwa sababu majabali yatakula nafasi, na sehemu kubwa ya chini yake chui hataikanyaga.

Maelezo yanayofuata yanamhusu chui wa Afrika. Kwa wa Amur nimeweka maneno yake mwishoni mwa hatua ya miti.

Hatua ya 2: Usisawazishe ardhi

Unapoanzisha bustani mpya, chagua bara la Afrika na mazingira ya nyika ya majani, hali ya hewa itakusaidia. Kisha acha kile kifaa cha kusawazisha. Ardhi tambarare ndiyo inayofanya makazi mengi ya chui yafanane na uwanja wa mpira.

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Kondoa utaona ardhi inavyojipanga: tambarare yenye miti ya miiba, mara kilima cha mawe kinachoota ghafla, mara korongo lililochimbwa na maji. Kondoa iliharibiwa sana na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Makorongo yale yalikuwa balaa kwa wakulima. Kwa umbo tu, yanatufundisha kitu: mnyama anaweza kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kichwa chake kuonekana.

Kwa hiyo inua ardhi upande wa nyuma, ule ulio mbali na wageni, iwe kama mgongo wa kilima. Ishushe polepole kuja mbele. Kisha chimba korongo moja, jembamba na lenye kupinda, litoke kwenye maficho ya nyuma lipite pembeni hadi karibu na sehemu ya mbele. Lipe kingo zisizo wima sana ili apande na kushuka. Lainisha kidogo kwa kifaa cha kulainisha, lakini acha ukingo mmoja uwe mkali kuliko mwingine, maana ndivyo maji yanavyokata udongo kwenye kona.

Mahali pa kujilaza chui pawe juu ya usawa wa macho ya mgeni. Hili hutalikuta kwenye vipimo vya Zoopedia. Ni la kumheshimu mnyama mwenyewe: porini hulala juu ya mwamba au tawi akitazama chini, na mgeni anayeinua macho kumtafuta anamwona jinsi alivyo.

Hatua ya 3: Uzio, mapema na kwa ukali

Chui anaweza kuruka juu kiasi cha mita 3 na kwenda mbele kiasi cha mita 6. Ni mkwezi hodari. Mchezo unalijua hilo, na uzio usiozuia kukwea atauvuka.

Zungusha uzio ufunge kabisa, weka mlango wa mtunzaji, kisha washa kizuizi cha kukwea kwenye kila kipande. Kila kipande, narudia, kwa sababu ukiongeza kipande baadaye au ukibadilisha kimoja kuwa kioo, mpangilio wake unaweza kuwa tofauti na majirani zake. Daraja la uzio lisiwe chini ya lile la Zoopedia. Uzio huchakaa pia, hivyo awepo fundi wa kuukagua.

Jambo linalosahaulika ni vitu vilivyo karibu na uzio. Jabali, gogo au jukwaa likisogea sana ukutani linakuwa ngazi. Acha ukanda mtupu kuzunguka ndani ya uzio wote, kisha uufiche kwa vichaka vifupi. Ukimaliza kujenga, washa ramani inayoonyesha maeneo anayoweza kufika mnyama. Rangi hiyo ikivuka uzio hata kwa kidole, chui atakuwa nje kabla hujamaliza kunywa chai.

Hatua ya 4: Majabali

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Majabali ya Dodoma ni ya graniti. Nenda kalitazame Jiwe la Simba, au mawe yoyote pembezoni mwa mji. Yana mabega ya mviringo, yamepasuka kwa nyufa ndefu, na mara nyingi jiwe kubwa limekalia jingine kana kwamba lingeweza kudondoka, ingawa limekaa hivyo miaka na miaka. Chini yake kuna mapande yaliyomeguka, na kwenye nyufa kuna udongo kidogo ulioota mti. Ndani ya nyufa hizo wanaishi pimbi, na pimbi ni chakula cha chui. Ndiyo maana kwenye mapori ya nchi kavu, chui na mawe haviachani.

Kwenye mchezo, tafuta mawe ya rangi ya kijivu au kahawia yenye kingo za mviringo. Achana na yale mekundu yenye ncha kali, hayo ni ya jangwa la nchi nyingine. Tumia aina moja tu ya jiwe kwa kilima kizima. Kosa la kawaida ni kuchanganya aina tatu nne, kilima kikaonekana kama duka la vifaa vya ujenzi.

Anza na mawe makubwa mawili au matatu. Yazamishe ardhini, theluthi moja ya kila jiwe isionekane, maana jabali halikai juu ya udongo, hutoka ndani ya udongo. Yageuze yatazame pande tofauti, lakini nyufa zake zielekee upande mmoja. Halafu weka jiwe moja juu ya mengine, liegemee mahali pawili. Baada ya hapo ndipo uje na mawe ya kati yanayoziba mapengo, na mwisho madogo kwenye miguu ya kilima, mengi upande wa mteremko ambako yangekuwa yameporomokea.

Sasa kata rafu ya kulalia. Chui anahitaji uso ulio bapa, si lazima uwe mpana, wenye jiwe mgongoni na kivuli kwa sehemu ya siku. Weka rafu mbili zinazoonekana na wageni na mbili zisizoonekana. Njia ya kufika kwenye kila rafu iwe ya mawe yaliyopangana kwa hatua, na uthibitishe kwa ile ramani ya maeneo anayofika. Rafu nzuri ambayo chui hawezi kuifikia ni pambo tu.

Pango nalo lina siri yake. Wengi hujenga shimo refu lenye giza. Tazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pale Kolo michoro haiko ndani ya mashimo marefu, iko chini ya majabali yaliyoinama na kutengeneza paa. Mahali pa namna hiyo pana kivuli, hapaingii mvua, hewa inapita, na aliye ndani anaona nje. Inamisha jiwe moja bapa juu ya mengine mawili, umepata.

Nilikuwa nimefungua makazi yaliyojengwa na mchezaji mmoja wa mbali, nimeyapakua ili niyasome, pale babu wa nyumba ya jirani alipoingia kuomba kuchaji simu. Ni Mrangi, na ujana wake wote alichunga mbuzi upande wa Kolo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyo ni chui kweli?"

"Ni wa kwenye kompyuta, babu. Hapo ndipo anapolala."

Akavuta kigoda, akainama hadi miwani ikakaribia kioo. Pango lilikuwa zuri, jeusi, lina mdomo mmoja.

"Hapo hataingia," akasema. "Chui halali penye mlango mmoja. Sisi mbuzi akipotea, kwenye jiwe hatukuwa tunatazama mbele. Tulizunguka nyuma. Yeye hutokea nyuma."

Tangu siku hiyo kila pango ninalojenga lina mdomo wa pili, mdogo, unaofunguka kwenye korongo au nyuma ya kilima. Kwenye mchezo una faida ya wazi: mnyama aliyesongwa na macho ya watu anaondoka bila kupita mbele yao, na hata ukiwa na wawili ndani, mmoja hamzibii mwenzake njia.

Hatua ya 5: Miti ya kuonekana na miti ya kukwea

Chui hupandisha windo lake mtini ili simba na fisi wasimnyang'anye. Kila mchezaji anataka kuiona picha hiyo. Lakini katika Planet Zoo mti uliopandwa kama mmea ni wa kivuli, maficho na mandhari. Mnyama hapandi juu yake. Anachokwea ni magogo na majukwaa ya kukwea yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Cha kufanya ni kuviunganisha. Simika gogo nene la kukwea likiwa limelala kwa mshazari, liungane na jukwaa, kisha gogo jingine jembamba juu yake. Halafu panda mgunga mkubwa shina lake likigusana na magogo hayo, ili majani yake yafunike jukwaa kwa juu. Ukitazama kutoka kwa mgeni, chui amelala tawini. Zungusha kamera uhakikishe mwisho wa gogo hauonekani umekatwa hewani, uzamishe kwenye shina.

Mimea mingine fuata ya kwetu: migunga ya miamvuli, nyasi ndefu za kahawia, na mbuyu mmoja kama orodha yako inao. Mmoja tu. Mbuyu unakula nafasi na macho, na ukiweka mitatu hakuna atakayemtazama chui. Kwa maficho, kumbuka vichaka vya Itigi kule Manyoni, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hapiti ila kwa kuinama. Panda kichaka cha namna hiyo kando ya korongo na nyuma ya kilima, mimea ya vimo tofauti ikiwa imekaribiana, na kisha sehemu za mbele ziache wazi kabisa. Msongamano huku, uwazi kule. Ukitawanya vichaka sawasawa kila mahali, chui hana pa kujificha na mgeni haoni vizuri, mmepoteza wote.

Angalia kipimo cha wingi wa mimea kwenye paneli ya mnyama. Kikipita kiasi, toa mimea ya pembezoni kabla ya kugusa ile ya maficho. Na kabla ya kupanda, chuja orodha kwa bara na mazingira, maana mmea wa Asia kwenye makazi ya chui wa Afrika unashusha alama hata kama macho yako hayaoni tofauti.

Kwa chui wa Amur, mpangilio wa mawe, korongo na rafu ubaki uleule. Badilisha mimea yote iwe ya Asia na ya maeneo ya baridi, rangi ya ardhi ifuate vipimo vyake, na kama umemleta kwenye ramani ya joto umwekee vipoza hewa. Manyoya yale mazito hayakuumbwa kwa Novemba ya Dodoma.

Hatua ya 6: Rangi ya ardhi

Hii ni ya haraka. Fungua paneli ya ardhi, utaona asilimia za nyasi fupi, nyasi ndefu, udongo, mwamba, mchanga na theluji, kila moja na kiwango inachotakiwa kukaa. Paka mwamba kuzunguka miguu ya kilima, udongo kwenye korongo na kwenye njia zake za kila siku, nyasi ndefu upande wa maficho, nyasi fupi mbele. Maliza kwa kurekebisha asilimia.

Hatua ya 7: Malazi, joto, maji na chakula

Chini ya lile jabali lililoinama weka matandiko. Kisha washa ramani ya makao magumu (hard shelter), yaani yale yenye paa, ili kuhakikisha mchezo unaitambua sehemu hiyo kama makao. Ikiwa haitambui, ongeza jiwe au ubao wa kuziba pengo kwa juu, mara nyingi tatizo ni paa lenye upenyo. Chui hahitaji kasri, anahitaji nafasi ya kulala akiwa amefunikwa. Kama joto haliko sawa, ficha kifaa cha kupasha au kupoza nyuma ya jiwe.

Chui halisi wa nchi kavu anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, akipata maji kutoka kwenye nyama. Kwenye mchezo usimnyime. Weka chombo cha maji kwenye kivuli, au dimbwi dogo kwenye mwisho wa korongo, mahali ambapo maji yangetuama yenyewe baada ya mvua za Desemba hadi Aprili. Ukichimba dimbwi, liwe ndani ya eneo la mashine ya kusafisha maji, la sivyo litachafuka na mnyama ataugua.

Chakula kiwekwe mahali mtunzaji anapofika kwa miguu kutoka mlangoni bila kukwea. Mtunzaji si chui. Nimeona makazi mengi ya kupendeza ambayo mnyama ana njaa kwa sababu sahani iko juu ya jabali. Jenga jiko la watunzaji karibu, mpangie mtunzaji eneo lake la kazi, na barabara yake iwe ya wafanyakazi peke yao nyuma ya kilima.

Hatua ya 8: Vya kumchangamsha

Mnyama mwenye mahali pazuri lakini hana la kufanya huchoka, na kipimo chake cha uchangamfu kitakuambia. Daktari wa wanyama akiendelea na utafiti juu ya chui, vifaa vipya hufunguka. Anza na gogo la kukwangua kucha, alama ya harufu ya mimea, mpira mkubwa na boksi la karatasi ngumu.

Vipange kwa kufikiria safari zake. Chui dume porini hupita mipaka ya eneo lake akikwangua miti na kuacha harufu, akikoroma kwa sauti ya msumeno unaokata mbao. Kwa hiyo gogo la kukwangua na alama ya harufu viwekwe mbalimbali, kimoja mwanzo wa korongo na kingine ng'ambo ya kilima, ili atembee. Mpira na boksi viwekwe mbele, kwenye uwazi. Vya kulishia vyenye kumpa kazi viwe karibu na rafu inayotazamana na wageni, na utaona ni saa ngapi watu wanasongamana pale.

Hatua ya 9: Wageni waone, chui asisumbuke

Toa upande mmoja tu kwa wageni, ukizidi sana pande mbili zinazopakana. Nyuma na ubavuni pabaki kwa chui.

Kwenye upande huo tumia kioo cha kuona upande mmoja pindi utafiti ukikifungua. Mgeni anamwona mnyama, mnyama haoni kundi la watu, na msongo unashuka. Ongeza ubao wa kuwaomba watu wasisumbue wanyama. Kwa kuwa kioo ni sehemu ya uzio, rudia kukagua daraja lake na kile kizuizi cha kukwea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kibanda cha kutazamia, na kwa hicho napendekeza tembe. Nyumba ya asili ya Wagogo inafaa mno: ndefu, chini kwa chini, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya boriti. Inaendana vizuri na mandhari, haishindani na kilima kwa urefu, na ndani ni giza, jambo linalofanya macho ya mgeni yaende moja kwa moja kwenye mwanga wa nje.

Ijenge hivi. Simika nguzo za mbao zisizonyooka sana, mbilimbili, zikifuata njia ya wageni. Panga boriti juu, ziache zitokeze nje kidogo kupita ukuta, kama zilivyo kweli. Ukuta wa nyuma uwe wa lipu ya rangi ya udongo, ukipakwa kahawia nyekundu. Paa liwe ubao bapa, juu yake weka nyasi chache kavu zilizoota kwa sababu ya mvua. Upande wa chui acha kioo kwa urefu wote, lakini kizibe kwa nguzo hapa na pale ili kiwe madirisha matatu au manne badala ya ukuta mzima wa kioo. Dirisha moja litazame rafu ya juu, la pili mti wa kukwea, la tatu mdomo wa korongo. Mgeni akimkosa kwenye dirisha la kwanza anasogea la pili, na hapo katikati weka boksi la michango na ubao wa elimu. Ubao ueleze ukweli: chui yuko kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya wanyama walio hatarini (daraja la Vulnerable) tangu 2016, na kwetu anaishi kwenye mapori kama Swagaswaga, Rungwa, Kizigo na Muhesi, na katika Hifadhi ya Ruaha.

Hatua ya 10: Kumleta chui, na watoto wake

Kagua mara ya mwisho: uzio, ramani ya maeneo anayofika, mlango, njia ya mtunzaji. Kisha mtoe kwenye kituo cha biashara ya wanyama. Aliyetoka nje ya bustani apitie karantini ukitaka kuwa salama.

Chui huishi peke yake. Anza na jike mmoja. Ukitaka kuzalisha, mlete dume mmoja, na usiwaweke madume wawili wakubwa pamoja kwa hali yoyote, watapigana. Kabla ya kuwakutanisha, fungua taarifa za vinasaba uone kama wana undugu, maana watoto wa ndugu huzaliwa dhaifu. Usipohitaji watoto, washa uzazi wa mpango kwenye paneli ya mnyama.

Mimba ya chui huchukua takriban miezi mitatu na mara nyingi huzaa wawili au watatu. Porini watoto hukaa na mama mwaka mmoja na nusu hadi miwili kisha huondoka. Fuata mtindo huo: wakikaribia kukomaa wahamishe, vinginevyo makazi yatajaa na ugomvi utaanza. Katika kipindi cha watoto, funga dirisha la tembe lililo karibu zaidi na pango kwa kuliziba na ubao.

Baada ya kumfungulia, usibadilishe chochote mara moja. Acha muda wa mchezo uende, ufuatilie anapolala. Akichagua rafu ya nyuma siku zote, tazama kama rafu ya mbele inapigwa jua kali au haina jiwe mgongoni. Ongeza kivuli au jiwe hapo, wala usiguse maficho yake.

Kuwagawia wenzako

Ukipenda kuhifadhi kazi yako kama kiolezo ili wengine waitumie, fahamu kwamba umbo la ardhi halihifadhiwi pamoja na majengo. Kilima ulichoinua na korongo ulilochimba vitabaki kwako, na mwenzako akiweka kiolezo kwenye tambarare, mawe yataelea hewani. Kwa hiyo hifadhi kilima cha mawe peke yake, tembe peke yake, na mti wa kukwea peke yake, viwe violezo vitatu. Chini ya kilima ongeza mawe makubwa hadi kwenye usawa wa ardhi hata kama kwako hayaonekani, ili kwa mwingine yaguse chini. Kisha mwandikie maelezo mafupi ya namna ya kuchimba korongo na lielekee wapi, pamoja na picha mbili zilizopigwa kutoka juu.